Kioo Hakiogopi Moto, Huogopa Haraka

Kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri, mimi hupita nyuma ya karakana ya mafundi vioo huko Ngamiani, hapa mjini Tanga, mahali ambapo masalio ya vioo vya madirisha ya watu hutupwa ndani ya ndoo na madebe yaliyotoboka, nami huomba idhini ya kuchagua nivitakavyo. Mafundi wamenizoea. Zamani waliniuliza vigae vile navitakia nini. Siku hizi huniwekea kando vilivyo vipana kidogo, wakavikunja katika gazeti kuukuu, na asiyenijua akiuliza humjibu kwamba ni vya mwalimu anayepika vioo. Jina hilo sikujipa mwenyewe, walakini nimeliridhia, kwa maana kesho yake, Jumamosi, ukumbi wa nyumba yangu hugeuka darasa, wanafunzi sita huketi kuizunguka meza ya mninga, na vigae vilivyokuwa vikingoja jaa huanza safari ya kuwa sahani, visahani vya kuwekea ubani, na mapambo ya dirishani yenye kucheza na jua la asubuhi.

Sanaa yenyewe ni kuunga vioo kwa moto. Mpuliza kioo hushika donge lililoyeyuka kwenye ncha ya bomba la chuma, akalipuliza na kulizungusha, na macho yake huona kila linalotokea tangu mwanzo hata mwisho. Sisi hatuna donge wala bomba. Twakata vipande vikiwa baridi, twavipanga kimoja juu ya kimoja kwa mkono usio na papara, twavifungia tanurini jioni, na yanayotukia humo usiku hatuyaoni. Kwa sababu hiyo nimekuja kuamini, baada ya miaka ya kufundisha, kwamba sehemu kubwa ya ustadi huu imo katika zile saa ambazo fundi hana la kufanya. Na kwamba mwalimu akishindwa kumfundisha mwanafunzi namna ya kukaa mbali na mlango wa tanuri, basi mengine yote aliyomfundisha yamepotea bure.

Somo la kwanza ni kukata, na hapo ndipo mwanafunzi hupata mshangao wake wa kwanza. Chombo chetu ni kile kile cha fundi madirisha, ambacho watu wote hukiita almasi ijapokuwa siku hizi aghalabu ncha yake ni kigurudumu kidogo cha chuma kigumu. Huchovywa katika mafuta ya taa, kikasimamishwa juu ya kioo, kikavutwa mara moja tu kutoka ukingo hadi ukingo, bila kurudia na bila kukandamiza. Mwanafunzi hutazama akidhani kioo kimekatika, naye huona mstari mwembamba kama unywele, na kioo kingali kizima. Ndipo nimwambiapo ashike pande zote mbili za mstari, vidole gumba juu na ngumi chini, akunje kama avunjaye biskuti. Na kioo huachana kwa mlio mmoja mkavu, kwa unyofu ambao hakuna msumeno uwezao kuuleta. Fundi cherehani mmoja, aliyekata vitambaa miaka thelathini kabla ya kuja kwangu, alikaa kitambo na vipande vyake viwili mikononi, akasema, "Kumbe, mwalimu, almasi haikati. Yaonyesha njia tu, kioo chenyewe ndicho kinachokubali." Sikupata kulieleza jambo hilo vizuri kuliko alivyolieleza yeye, na tangu siku ile huwapa wanafunzi wapya maneno yake, nikiwaambia kwamba ni ya fundi cherehani.

Somo la pili ni la ujamaa wa vioo. Kila kioo kikipata joto hupanuka na kikipoa hunywea, na kila namna ya kioo ina kipimo chake. Vioo viwili vya vipimo mbalimbali vikiunganishwa motoni vitashikana kwa uzuri wa kupendeza, vitatoka tanurini vikimetameta, na mwenyewe atafurahi. Kisha baada ya siku moja, au juma, au mwezi, vikiwa vimewekwa kabatini bila kuguswa na mtu, vitapasuka vyenyewe, kwa kuwa kimoja kilitaka kunywea zaidi ya mwenziwe na mwenziwe hakuweza kukifuata. Wenye viwanda hupima upanukaji huo kwa hesabu. Kioo cha sanaa cha kampuni ya Bullseye, ya mji wa Portland katika jimbo la Oregon nchini Marekani, hujulikana kwa namba 90, yaani hurefuka kwa sehemu 90 katika sehemu milioni 10 kila joto linapopanda nyuzi moja ya Selsiasi. Namna nyingine mashuhuri ya kioo cha sanaa ni ya namba 96, na kioo cha dirisha kiko chini ya zote mbili, kwenye 80 na ushei. Tofauti ndogo kiasi hicho, ambayo hakuna jicho liwezalo kuiona, yatosha kuivunja sahani. Wahenga walinena kwamba ndege wa mabawa mamoja ndio warukao pamoja, na katika darasa langu methali hiyo ina nguvu ya sheria: dirisha kwa dirisha, na ikiwezekana vipande vyote vitoke katika bamba moja, chupa ya kahawia peke yake, chupa ya kijani peke yake.

Kioo cha dirisha nacho kina siri zake, na mwanafunzi hana budi kuzijua. Kioo hiki hutengenezwa kwa njia iliyotangazwa mwaka 1959 huko Uingereza, matunda ya kazi ya Alastair Pilkington, ambapo kioo kilichoyeyuka humwagwa juu ya bwawa la bati lililoyeyuka, kikaelea mithili ya mafuta juu ya maji, kikatandaa na kuwa bamba lililonyooka juu na chini. Upande uliolalia bati hubaki na chembe zake, na kioo kikipindwa motoni upande huo waweza kuota utando kama ukungu. Kwa macho pande zote mbili ni sawa. Lakini kurunzi maalumu ya mwanga wa urujuanimno wa mawimbi mafupi, ukiimulika gizani, upande wa bati hung'aa weupe wa maziwa. Basi watoto wa mtaani hupenda kuchungulia dirishani kwangu tunapozima taa na kumulika vigae kimoja kimoja, tukivitia alama ya kalamu.

Tena kioo kilichoyeyuka kina tabia ya kutaka unene wa kiasi cha milimita 6. Bamba moja la milimita 3 likifikishwa kwenye joto kamili hujikusanya, kingo zikavutika ndani kama khanga mpya iliyofuliwa mara ya kwanza, na katikati likafura povu. Mabamba mawili ya milimita 3 hukaa mahali pake kwa utulivu, kingo zikaviringana kama zimepigwa msasa na malaika. Matatu humwagika nje, isipokuwa yazungushiwe ukuta wa kuyazuia. Rangi twaipata kwa unga wa enameli uliotengenezwa kwa ajili ya kioo cha namna hii, na kwa nyaya nyembamba za shaba ambazo hugeuka wekundu wa zabibu zikibanwa katikati ya matabaka mawili. Na anayetaka viputo vidogo vidogo kama vya maji ya soda hunyunyiza katikati magadi soda yale yale ya kupikia maandazi.

Jioni huja kazi ya kupakia. Rafu ya tanuri hupakwa maji ya udongo mweupe wa kaolini uliochanganywa na alumina, ili kioo kisigande. Kila kigae huoshwa na kufutwa hata isibaki alama ya kidole, kwa kuwa uchafu na mafuta ya mkono huita ule weupe wa chumvichumvi unaoharibu mng'ao. Kisha nahakikisha uniti za umeme zatosha usiku kucha, nafunga mlango, na saa kumi na mbili naliwasha. Kwa saa tatu joto hupanda bila haraka hadi nyuzi 540, maana kioo baridi kikishtuliwa hupasuka. Halafu huendelea hadi kwenye nyuzi 680, ambapo twalisimamisha kidogo ili kioo kilainike na kuitoa hewa iliyonaswa baina ya matabaka. Halafu huvuka upesi hadi nyuzi 820 au 830, na hapo, katika robo saa tu karibu na saa tano za usiku, vipande vilivyokuwa viwili vinakuwa kitu kimoja.

Mtu aliye mgeni hudhani kazi imekwisha, hali kazi ndiyo kwanza inaingia katika daraja yake ya hatari. Joto hushushwa upesi hadi nyuzi 550 hivi, kisha husimama pale kwa muda wa saa nzima au zaidi, ndipo likashuka tena taratibu, nyuzi 80 kwa saa, hadi kwenye 370, na baada ya hapo tanuri huzimwa na kuachwa na matofali yake. Daraja hiyo mimi na wanafunzi wangu huiita mapumziko. Sababu yake ni hii: kioo hupitisha joto polepole, kwa hiyo ngozi yake hupoa kabla ya moyo wake. Ngozi ikishakuwa ngumu, moyo ungali laini. Na moyo nao ukianza kunywea hukuta ngozi imekwisha kukaza, basi huvutana, na mvutano huo hufungwa ndani ya kioo kama ghadhabu ndani ya mtu asiyesema. Kioo kikipewa muda, ngozi na moyo hupoa pamoja na ghadhabu haizaliwi. Tena unene una hesabu kali: ukiuzidisha mara mbili, muda wa kupoza huzidi takriban mara nne. Huwaonyesha wanafunzi mvutano huo kwa macho yao, nikikiweka kigae baina ya vioo viwili vya miwani ya jua ya namna ya kuchuja mwanga, vilivyopishanishwa hata giza likaingia. Kigae kilichopumzika vema hukaa gizani, na kilichoharakishwa huwaka taji la mwanga kuzunguka mahali kilipoumia.

Haya yote nayajua, na niliyajua pia siku niliyokosa. Miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwa bibi mmoja, mkunga mstaafu, mwenye vidole vyepesi na maneno machache. Alikuwa ametengeneza sahani pana ya kupelekea halua katika harusi ya mjukuu wake: matabaka matatu ya kioo cha dirisha yaliyozungushiwa ukuta wa matofali ya tanuri, na ndani yake majani ya mkwaju yaliyosukwa kwa nyaya za shaba, jani moja moja, kazi ya Jumamosi mbili nzima. Kwa unene wake ilihitaji kukaa tanurini hadi usiku wa Jumapili. Harusi ilikuwa jioni ya Jumapili ile ile; hesabu yangu ya siku ndiyo iliyokuwa na kasoro, nami sikutaka kumwambia. Saa nne asubuhi saa ya tanuri ilisoma nyuzi 260. Wanaharusi walikuwa wamekwisha kutuma mtu. Nikajiambia kwamba nitafungua kidogo tu, kupunguza joto, nikafungua, na upepo wa bahari uliokuwa ukivuma barazani ukaingia pamoja na mkono wangu. Tulisikia mlio mmoja, mfupi, kama wa fimbo kavu. Ufa ulikuwa umeivuka sahani kutoka upande hadi upande.

Nilisimama pale nikitafuta maneno ya kuomba radhi. Bibi alitazama, akajifuta mikono kwa upindo wa khanga yake, akasema kwa upole: "Mwanangu, miaka yangu yote wodini nilikuwa nikimwambia mwanamke asisukume kabla ya wakati wake. Wewe leo umesukuma." Halafu akaniuliza kama nina sinia, nikampa sinia letu la nyumbani, na halua ikaenda harusini juu ya sinia.

Juma lililofuata alirudi, akaomba vipande vyake. Kwa kuwa vilikuwa kioo kimoja cha asili moja, viliweza kuungana tena. Tuliviosha, tukavikutanisha, tukavizungushia ukuta ule ule, na safari hii tulihesabu siku mbili kamili kabla ya mtu yeyote kuugusa mlango. Sahani ilitoka nzima. Ukiiinua dhidi ya mwanga waona mstari mwembamba ulioyakata majani ya mkwaju, mahali ambapo viputo vidogo vimejipanga safu.

Tangu siku ile nimesoma habari za mafundi wa kale kwa jicho jingine, nikitafuta walivyoishi na kungoja. Kabla ya kupuliza kioo kuvumbuliwa katika nchi za Sham, katika karne ya kwanza kabla ya Masihi, mafundi wa Misri na majirani zake walikuwa wakipanga vipande vya rangi ndani ya kalibu na kuviunga motoni, sawasawa na tufanyavyo, pasipo saa ya kusoma nyuzi. Kupuliza kulikuwa kwepesi na kwa haraka, na njia ya kale ikasahauliwa kwa karne nyingi. Katika zama zetu waliochangia kuirudishia heshima ni mume na mke, Michael na Frances Higgins, ambao mwaka 1948 walianzisha kazi yao nyumbani kwao mjini Chicago, wakipaka enameli kwenye vioo vya dirisha na kuvipinda motoni. Nami hupenda kuwakumbusha wanafunzi kwamba vyombo ambavyo leo watu huvitafuta na kuvihifadhi kwa taadhima vilianza katika chumba cha nyumba ya kupanga, kwa kioo kama chetu. Kampuni ya Bullseye nayo ilianzishwa na mafundi watatu mwaka 1974, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaanza kuuza vioo vilivyojaribiwa kwanza kama vinapatana, jambo lililowaondolea mafundi wa majumbani hofu ya kuamka na kukuta kazi imepasuka.

Walakini hatuna haja ya kwenda ng'ambo kutafuta nasaba. Watu wa Krobo, mashariki mwa Ghana, husaga chupa kuukuu hata zikawa unga, wakaujaza unga huo katika kalibu za udongo, wakachomeka katikati kijiti cha jani la muhogo ambacho huungua na kuacha tundu la uzi, na kalibu ikitoka tanurini huachwa ipoe ndipo shanga zimwagwe. Na katika bonde la mto Limpopo, kwenye mahali panapoitwa K2 karibu na kilima cha Mapungubwe, takriban miaka elfu moja iliyopita, mafundi walizichukua shanga ndogo za kioo zilizovuka Bahari ya Hindi na kupitia masoko ya pwani hii yetu ya mashariki, wakaziyeyusha pamoja katika kalibu za udongo, wakapata shanga kubwa walizozipenda wao. Kioo kiliwafikia kikiwa na sura ya wageni, wakakirudisha motoni, wakakipa sura yao. Niokotapo masalio ya dirisha kule Ngamiani, huwakumbuka watu hao.

Wako wanaoniuliza kwa nini sikodi chumba mjini, penye nafasi na alama ya biashara mlangoni. Jibu langu ni kwamba kazi yenye kungoja sana yataka mahali ambapo mtu aweza kungoja. Darasani kwangu mtu akisubiri rafu ikauke hupewa kahawa na kashata. Mwenye mtoto humlaza katika mkeka chumba cha pili, mbali na vigerenyenza. Adhana ikilia, meza huachwa na kurudiwa. Hapo ndipo maarifa hupita kutoka kwa huyu hata kwa yule: fundi cherehani amewafundisha wenziwe kuchora ruwaza za karatasi kabla ya kukata, naye amefundishwa na kijana mwashi namna ya kuchanganya udongo wa rafu usifanye mabonge.

Anayetaka kuanza nyumbani kwake, basi na aanze kwa adabu za usalama kabla ya kununua tanuri: miwani ya kulinda macho, viatu vilivyofunika vidole, barakoa anaposhika unga wa kioo na wa rafu, kwa kuwa vumbi lile ni adui wa mapafu, sakafu ifutwe kwa kitambaa cha maji, isifagiliwe kavu, tanuri lisimame mbali na mapazia, juu ya sakafu ya saruji, na waya wake ukaguliwe na fundi umeme anayeijua kazi yake. Umeme ukikatika katikati ya usiku, asifungue. Matofali yamebeba joto, nayo yatalirudisha polepole kuliko mkono wowote. Tatizo la moto uliokatika hutibiwa kesho kwa moto mwingine.

Mwezi uliopita tuliwapokea wanafunzi wapya. Bibi mkunga, ambaye sasa huja Jumamosi apendazo, alikuja siku ile ya kwanza na furushi la khanga, akalifungua juu ya meza, akaitoa sahani yake ya majani ya mkwaju. Hakuhutubu. Alimshika mkono kijana aliyekuwa karibu, akakipitisha kidole chake juu ya ule mstari, ambao ukiugusa hauhisiki kabisa, kioo kimelala laini kama maji. Kijana akauliza ufa umekwenda wapi, mbona aliuona. Bibi akamwinulia sahani dirishani, mstari ukatokea, akaishusha, ukapotea. Kisha akanitazama mimi, nami nikawasimulia habari yote tangu mwanzo, na jinsi nilivyofungua mlango, kabla hatujaigusa almasi.